KUBADILI STATA ILIYOJIFICHA KATIKA GARI KUUKUU LA DIZELI
Mambo ambayo Katibu na Kamati hawana budi kuyafahamu kabla fedha za chama hazijatoka

Gari la chama cha ushirika si pambo la ofisi. Ndilo lipelekalo maziwa kwenye kituo cha kupozea kabla jua halijawa kali. Ndilo limletealo mkulima mbolea na kumchukulia mazao. Ndilo limpelekalo katibu benki siku ya malipo. Siku gari hilo linapokataa kuwaka, hasara haiwi ya dereva wala ya katibu, bali ya kila mwanachama mwenye hisa.

Habari ya chama kimoja cha wafugaji yatosha kuwa fundisho. Chama hicho kilikuwa na gari la dizeli lililokwisha kutumika zaidi ya miaka thelathini. Asubuhi moja dereva alizungusha ufunguo, akasikia mlio mmoja tu, "tak", kisha kimya. Fundi aliyeitwa hakupima kitu. Alisema stata imekufa, na kamati ikaidhinisha kununuliwa nyingine siku ile ile. Kazi ya kuibadili ilichukua siku nzima, kwa kuwa stata ya gari lile imefichwa mahali ambapo mkono hauingii. Siku ya nne, "tak" ikarudi. Ikanunuliwa stata ya pili, nayo ikafanya kazi siku mbili tu. Hatimaye fundi wa umeme wa magari, aliyekuwa akipita kwa shughuli zake, aliomba mita, akapima kwa muda wa dakika tano, kisha akaonyesha waya mpana unaounganisha injini na bodi ya gari. Ulikuwa umeliwa na kutu, zimebaki nyuzi chache. Gari liliwaka kila mara baada ya kazi kwa sababu tu waya huo uliguswaguswa, ukashika kwa siku chache, kisha ukaachia tena.

Bei ya waya ule haikufika hata sehemu ya ishirini ya fedha zilizokwisha kutumika. Maziwa ya asubuhi tatu yaliharibika, na wenye maziwa hawakulipwa. Tena utingo aliyekuwa amelala chini ya gari aliponea chupuchupu, gari lilipoteleza kutoka juu ya mawe yaliyowekwa badala ya stendi. Fedha zingeweza kupatikana tena baada ya misimu miwili. Kijana yule asingepatikana.

Makala haya yanaeleza kazi ya stata, jinsi ya kuhakikisha kwamba ndiyo mbovu, na namna ya kuitoa na kuirudisha pale ilipojificha. Katibu si lazima awe fundi. Lakini anayetia sahihi hati ya malipo hana budi kuelewa analolipia.

KAZI YA STATA NA SABABU YA KUJIFICHA KWAKE

Injini haiwezi kuanza kujizungusha yenyewe. Ni lazima nguvu nyingine iizungushe kwanza mpaka mafuta yashike moto. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mkono na kwa chuma cha kuzungushia, nacho kilivunja mikono ya watu wengi. Mnamo mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilianza kuuza magari yenye stata ya umeme, iliyotokana na juhudi za mhandisi Charles Kettering. Magari ya abiria yenye injini ya dizeli yalifuata baadaye. Mercedes-Benz 260 D, iliyoonyeshwa kwa watu mwaka 1936, ni miongoni mwa magari ya kwanza ya aina hiyo kutengenezwa kwa wingi.

Stata ya dizeli hubeba mzigo mzito kuliko ile ya petroli. Injini ya petroli ya zamani hukandamiza hewa kufikia sehemu moja ya nane au ya tisa ya ujazo wake. Dizeli haina cheche za plagi. Huwaka kwa joto la hewa iliyokandamizwa tu, hivyo ni lazima ikandamize zaidi sana. Katika Mercedes-Benz 240 D, kwa mfano, hewa hukandamizwa kufikia sehemu moja ya ishirini na moja. Ndiyo sababu stata ya dizeli ni kubwa na nzito, na kwa nukta chache huvuta mamia ya ampea kutoka katika betri. Udhaifu mdogo wa betri au wa waya, ambao injini ya petroli ingeuvumilia, huisimamisha dizeli.

Ndani ya stata mna sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni mota yenyewe, inayopokea umeme kwa njia ya brashi za kaboni. Ya pili ni solenoidi, ambayo kwa kawaida hukaa mgongoni mwa mota. Dereva azungushapo ufunguo, umeme mdogo huingia katika solenoidi. Nayo hufanya kazi mbili kwa pamoja. Husukuma kigurudumu kidogo chenye meno mpaka kikamatane na meno ya flaiwili, yaani lile gurudumu zito lililo nyuma ya injini. Kisha huunganisha vipande viwili vya shaba ili umeme mkubwa upite kwenda katika mota. Mlio wa "tak" ni wa solenoidi ikisogea. Kwa hiyo mlio huo waonyesha kwamba umeme mdogo umefika. Hauthibitishi kwamba mota imekufa.

Hapo ndipo ilipo pia sababu ya stata kujificha. Kwa kuwa haina budi kukamatana na flaiwili, ni lazima ifungwe mahali injini inapokutana na giaboksi, chini, karibu na ukuta unaotenga injini na chumba cha abiria. Juu yake hupita mabomba ya hewa na ya moshi. Kando yake pana chesisi na fimbo za usukani. Na vichwa vya bolti zake mara nyingi hutazama nyuma, upande wa giaboksi. Bolti ya chini huonekana. Bolti ya juu aghalabu haionekani kwa juu wala kwa chini, na hiyo ndiyo inayowashinda mafundi wengi.

KUPIMA KABLA YA KUFUNGUA

Kwa kuwa kazi ya kuitoa stata ya namna hiyo ni kubwa, si busara kuianza kwa kubahatisha. Vipimo vifuatavyo vifanywe kwa utaratibu, na matokeo ya kila kimoja yaandikwe. Gari liwe katika gia huru, breki ya mkono imefungwa, na pasiwe na mtu mbele wala nyuma ya gari.

Kwanza, betri. Vichwa vyake vifunguliwe, visuguliwe mpaka shaba au risasi ing'ae, kisha vikazwe. Ule unga mweupe au wa kijani ni adui mkubwa wa umeme. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6, ikionyesha 12.2 imebakiwa na nusu tu. Wakati stata inapozungusha injini, volti zisishuke chini ya 9.6 hivi. Zikishuka zaidi, betri ichajiwe au ijaribiwe nyingine iliyo nzima kabla ya kulaumu stata.

Pili, taa. Usiku au ndani ya banda, taa kubwa ziwashwe, kisha ufunguo uzungushwe. Taa zikififia sana, betri ni dhaifu, au vichwa vyake vimelegea, au mota ama injini imekwama. Taa zikibaki na mwanga ule ule na stata isisogee, umeme haufiki katika mota: njia imekatika mahali fulani, au shaba za ndani ya solenoidi zimekwisha kuungua.

Tatu, waya wa arthi. Mguu mmoja wa mita uwekwe juu ya nguzo hasi ya betri, na mwingine juu ya chuma kisafi cha injini. Kisha mtu azungushe ufunguo. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, arthi ni mbovu. Kipimo kama hicho kifanywe upande wa chanya, kati ya nguzo ya betri na nati kubwa ya solenoidi. Chama kisicho na mita chaweza kutumia waya mnene wa kuazimia chaji: ncha moja ifungwe katika nguzo hasi, na ya pili katika chuma kisafi cha injini. Gari likiwaka mara moja, stata haina kosa, na fedha za wanachama zimeokolewa. Ni kipimo hiki kilichokosekana katika chama kile cha wafugaji.

Nne, umeme wa ufunguo. Katika stata nyingi zilizotengenezwa kwa utaratibu wa Kijerumani, nati kubwa inayopokea waya wa betri imeandikwa 30, na ile ndogo inayopokea umeme wa ufunguo imeandikwa 50. Taa ndogo ya kupimia iunganishwe kati ya 50 na chuma cha injini. Ufunguo ukizungushwa na taa isiwake, kosa liko katika swichi ya ufunguo au katika waya wake, si katika stata. Gari lenye giaboksi ya kujibadili lina swichi nyingine inayozuia stata isipokuwa gia iwe huru, nayo ikaguliwe.

Tano, injini yenyewe. Spana iwekwe katika nati iliyo mbele ya shafti, na injini izungushwe kwa mkono. Ikigoma kabisa, huenda imekwama, au maji yameingia ndani ya silinda. Kuilazimisha kwa stata mpya ni kuongeza hasara juu ya hasara.

Ikiwa stata huvuma kwa kasi na injini isizunguke, kigurudumu chake hakikamatani, au meno ya flaiwili yamelika. Injini ya dizeli yenye silinda nne huelekea kusimama katika sehemu mbili zile zile kila inapozimwa, kwa hiyo meno huliwa zaidi katika sehemu hizo. Gari linalowaka baada ya kusukumwa kidogo likiwa katika gia, kisha stata ikashika, aghalabu lina kasoro hiyo. Stata mpya haitaiponya.

Kabla ya kuendelea, jambo moja lisisitizwe. Baadhi ya madereva hupulizia etha katika bomba la hewa ili kuilazimisha dizeli iwake. Katika injini yenye plagi za kupasha joto, etha yaweza kuripuka kabla ya wakati wake, ikavunja pistoni au kumjeruhi mtu. Jambo hilo lipigwe marufuku katika kila chama.

VIFAA NA MATAYARISHO

Vipimo vikishathibitisha kwamba stata ndiyo mbovu, vifaa vikusanywe vyote kwanza. Panahitajika seti ya soketi, fimbo za kurefushia soketi ambazo zikiunganishwa zitafika sentimita 60 au zaidi, kiungo kinachopinda cha kutia kati ya fimbo na soketi, brashi ya waya, mafuta ya kulegezea kutu, tochi, mita, jeki imara, stendi mbili za chuma na magogo ya kuzuia magurudumu. Mafuta ya kutu yatiwe kwenye bolti jioni ya siku iliyotangulia, na yarudiwe asubuhi. Bolti iliyokaa miaka mingi karibu na bomba la moshi haifunguki kwa ubabe. Ikikatikia ndani ya chuma, kazi ya saa nne hugeuka kazi ya siku tatu.

Gari lisimamishwe mahali pa tambarare na pagumu. Magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa magogo mbele na nyuma. Waya hasi wa betri ufunguliwe kabla ya jambo lingine lolote na usogezwe mbali. Waya mnene unaokwenda katika stata hauna fyuzi katika magari mengi ya zamani. Spana ikigusa nati yake na chuma cha gari wakati betri imeunganishwa, spana huwaka moto mkononi mwa mtu, na pete au saa huyeyukia mwilini. Pete na saa zivuliwe.

Kisha gari liinuliwe kwa jeki na kushushwa juu ya stendi zilizowekwa chini ya chesisi au mahali palipotajwa na watengenezaji. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kushikilia. Mawe, matofali na vipande vya mbao vilivyopangwa havifai, hata kwa dakika mbili. Kabla mtu hajaingia chini, gari lisukumwe kwa nguvu kutoka ubavuni. Likitikisika juu ya stendi, lishushwe na kupangwa upya. Mtu asifanye kazi chini ya gari akiwa peke yake.

KUITOA STATA

Mercedes-Benz 240 D ni mfano mzuri. Gari hilo ni la jamii ijulikanayo kama W123, iliyotengenezwa Ujerumani ya Magharibi tangu mwaka 1975 hadi katikati ya miaka ya 1980. Na lilipata sifa ya uvumilivu hata likatumika kwa miaka mingi kama teksi, Ujerumani kwenyewe na Moroko pia. Injini yake ya lita 2.4 husifiwa kwa kudumu. Lakini stata yake imebanwa chini, kati ya injini, chesisi na mitambo ya usukani. Anayejaribu kuifikia bolti ya juu kutoka katika chumba cha injini hupoteza siku.

Njia iliyo sahihi ni ya kutoka nyuma. Fundi hulala chini ya gari karibu na giaboksi, akapitisha fimbo ndefu ya soketi juu ya giaboksi, katika nafasi iliyo kati ya giaboksi na sakafu ya gari, kuelekea mbele. Msaidizi, au fundi mwenyewe kwa mkono wake wa pili, huielekeza soketi mpaka ikae sawasawa juu ya kichwa cha bolti. Katika magari mengi ya aina hiyo kichwa cha bolti kina tundu la pembe sita, kwa hiyo huhitaji ufunguo wa pembe sita uliotiwa katika soketi. Uchafu uliojaa tunduni uondolewe kwanza kwa kipande cha waya. Ufunguo usioingia mpaka mwisho huteleza na kuharibu pembe. Kiungo kinachopinda kitumike pale tu fimbo isipoweza kunyooka, kwa kuwa hupoteza nguvu na huelekea kuchomoka. Magari mengine mengi ya dizeli, yakiwamo ya kubebea mizigo, hufunguliwa kwa njia hiyo hiyo ya kutoka nyuma, ingawa vipimo vya bolti hutofautiana.

Utaratibu wa kufungua ni huu. Nyaya za stata zifunguliwe kwanza ikiwa mkono wafika, na kila moja ifungiwe karatasi yenye alama. Kama haufiki, ziachwe mpaka stata ilegezwe na kusogezwa kidogo. Ikiwa pana kishikizo kinachobana ncha ya mbele ya stata kwenye ubavu wa injini, nacho kifunguliwe. Kisha bolti ya juu itolewe kabla ya bolti ya chini. Sababu yake ni nyepesi: bolti ya chini ikiwa bado imefungwa, stata hukaa imara na ile ngumu hufunguka bila kubanwa na uzito. Anayetoa ya chini kwanza huiacha stata ining'inie juu ya bolti asiyoweza kuiona.

Bolti ya chini inapokaribia kutoka, stata ishikiliwe. Stata ya zamani ya dizeli yaweza kufika kilo kumi hivi, na anayeipokea amelala chali, uso wake uko chini yake. Kipande cha mbao au jeki ndogo kiwekwe kuipokea, na isiachwe kamwe kuning'inia kwa nyaya zake. Ivutwe mbele mpaka pua yake itoke katika tundu la giaboksi, kisha igeuzwe na kuteremshwa. Zikizuia fimbo za usukani, usukani uzungushwe mpaka mwisho upande mmoja, kisha upande wa pili. Mara nyingi nafasi hupatikana bila kufungua kitu kingine.

KUCHUNGUZA, KULINGANISHA NA KURUDISHA

Stata ikishatoka, tundu lake lisizibwe upesi. Fundi aangaze tochi ndani, na mwenzake azungushe injini kwa spana polepole mpaka flaiwili imalize mzunguko mzima. Kila jino liangaliwe. Meno yaliyovunjika au kuchongoka hayana budi kuripotiwa kwa kamati siku hiyo hiyo, kwa kuwa kuyabadili kwahitaji kushusha giaboksi, na ni heri kamati ijue kabla ya kununua stata.

Stata kuukuu isitupwe. Mara nyingi kilichokwisha ni brashi za kaboni, shaba za solenoidi au bushi, na fundi wa umeme mwenye ujuzi aweza kuvibadili kwa gharama iliyo ndogo kuliko ya stata mpya. Lakini ikiwa nyaya za ndani zimeungua na kunuka, au shafti imepinda, matengenezo hayatadumu. Na kwa stata iliyojificha kazi ya kuitoa mara ya pili yaweza kugharimu kuliko akiba iliyokusudiwa.

Ikinunuliwa nyingine, ziwekwe mbili sambamba juu ya meza kabla stakabadhi haijakubaliwa. Vilinganishwe volti, maana yapo magari ya dizeli ya volti 12 na ya volti 24, idadi ya meno ya kigurudumu, upande inaozungukia, umbo la pua, umbali kati ya matundu ya bolti, na mahali nati za nyaya zilipo. Tofauti ya jino moja yatosha kuharibu flaiwili. Kisha stata mpya ijaribiwe ikiwa bado chini, imebanwa barabara katika jiliwa, kwa kuwa huruka kwa nguvu inapoanza kuzunguka. Kuifunga mahali pagumu kufikiwa bila kuijaribu kwanza ni kucheza bahati nasibu kwa fedha za wengine.

Wakati wa kuirudisha, uso wa stata na uso wa giaboksi isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, maana umeme wa arthi hupitia hapo. Rangi, kutu na grisi nyingi ni vizuizi. Bolti zote mbili zianzishwe kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya yoyote kukazwa. Bolti inayoanza kwa nguvu ya spana imeingia upande. Bolti ya juu yaweza kushikizwa katika soketi kwa utepe au grisi kidogo isianguke njiani. Zikazwe kwa zamu, mpaka stata ikae sawa. Nyaya zirudishwe kwa kufuata karatasi za alama, na ihakikishwe kwamba waya mnene haugusi bomba la moshi wala chuma chenye ncha kali. Waya wa arthi wa injini, hata kama unaonekana mzima, ufunguliwe, usafishwe na ukazwe upya. Waya hasi wa betri uwe wa mwisho kuunganishwa.

Gari liwashwe likiwa limeshushwa chini. Stata isizungushwe zaidi ya nukta kumi hivi kwa mara moja. Ikishindwa, ipumzishwe dakika moja au mbili. Plagi za kupasha joto zipewe muda wake kamili, kwa maana dereva asiyengojea huitaabisha stata kwa kosa ambalo si lake. Baada ya juma moja bolti na nati zote zikazwe tena.

WAJIBU WA KATIBU NA KAMATI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika matengenezo ya gari la chama, daftari ndilo linalomlinda fundi mwema, dereva mwaminifu na katibu mwenyewe.

Jambo la kwanza ni taarifa ya dereva iliyoandikwa: gari lilikataa siku gani, saa ngapi, na lilitoa mlio gani. La pili ni karatasi ya vipimo vile vitano, yenye sahihi ya fundi. Kamati isiidhinishe ununuzi wa stata bila karatasi hiyo. La tatu ni bei kutoka kwa wauzaji zaidi ya mmoja, pamoja na dhamana iliyoandikwa na muda wake. La nne, stata kuukuu irudishwe ghalani na kuandikwa katika daftari la vifaa, hata ikiwa mbovu kabisa. Anayedai kubadili kitu bila kuonyesha kilichotolewa hajathibitisha kwamba amekibadili. La tano ni kuandika katika daftari la gari tarehe, kilomita, namba ya stata mpya na jina la fundi. Katibu atakayekuja baada ya miaka mitatu asianze kubahatisha upya.

Vyama ambavyo havina uwezo wa kununua stendi, mita na fimbo ndefu za soketi vyaweza kuvinunua kwa pamoja na vyama jirani na kuviazima kwa zamu, kwa daftari. Bei ya vifaa hivyo kwa pamoja si kubwa kwa vyama vitatu au vinne, navyo vitatumika kwa kazi nyingine nyingi.

Chama kile cha wafugaji hatimaye kilinunua stendi mbili na mita moja. Karatasi ya vipimo imebandikwa ukutani mwa ofisi, karibu na ndoano ya ufunguo wa gari, na chini yake kamati imeandika agizo moja: mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa mawe. Ile stata ya pili, ambayo haikuwa na kosa lolote, imo ghalani ndani ya sanduku lake, imeandikwa katika daftari la vifaa. Kila mwaka wanachama wanaposomewa orodha ya mali za chama, nayo husomwa.